Kaka wa Jumamosi

Jumamosi, Machi 9

Mvua imeanza bila kubisha hodi. Jana upepo uling'oa mti wa jirani ukaangukia ukuta wa Kaka, na nilipofika asubuhi nilimkuta Kaka amesimama mvuani, mwavuli kaufunga, anaugonga ule mti kwa mpini wake kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Jirani alikuwa akiomba radhi kwa ajili ya ukuta. Kaka wala hamsikii.

"Ukuta utajengwa," alisema. "Ila huu mti usichomwe. Nikatie hapa na hapa, basi, tumemalizana."

Naandika kwa sababu mvua ikishaanza jioni zangu huwa ndefu, na chumba changu cha kupanga hakina wa kuzungumza naye. Mimi ni fundi wa meno bandia. Siku za kazi nachonga meno ya watu nisiowajua. Jumamosi nakwenda kwa Kaka tunakereza mabakuli ya mbao. Hatuuzi. Yamejaa nyumba nzima: la vitunguu, la funguo, la vifungo, na moja la kukingia maji paa linapovuja. Kaka alikuwa mpima ardhi; alipostaafu akajipatia mashine ya kukereza iliyoota kutu, akaifufua, akaifungia kwenye kibanda cha nyuma. Mimi alinifundisha baada ya ndoa yangu kuvunjika, alipoona naanza kujibizana na redio. "Shika patasi," aliniambia. "Redio haikusikii. Ubao unakusikia."

Wifi alituletea chai kibandani. Kikombe cha Kaka amekijaza nusu. Nilimkata jicho yule mwanamke. Hata mtoto hupewa kikombe kizima.

Jumanne, Machi 12

Mvua. Kazini umeme umekatika. Tumeshinda tukitazamana na meno.

Jumamosi, Machi 16

Leo tumeanza kuukereza ule mti ungali mbichi. Mbichi una raha yake. Gogo likishazunguka na patasi ikaingia vizuri, maranda hutoka marefu kama utepe, yana maji, yanakupiga usoni kama mvua ya pili. Unakereza bakuli nene, unaliacha kwenye mfuko wa karatasi likauke polepole, nalo likikauka linajipinda litakavyo. Ndipo unalirudia mara ya pili, unalinyoosha, unalikondesha. Bakuli moja linaweza kula msimu mzima. Asiye na subira akanunue la plastiki.

Mkono wa kulia wa Kaka unatetemeka. Nimeuona tangu mwaka jana nikajifanya sikuona, naye akajifanya hajui kuwa nimeona. Leo hapakuwa na pa kujificha. Aliinua patasi, ncha yake ikawa inacheza kama pua ya panya. Kisha akaiegemeza kwenye chuma kilicho mbele ya gogo, akabana kiwiko ubavuni, na mkono ukatulia. Ukatulia kabisa, kama mtoto aliyewekwa mgongoni. Alichora mzunguko mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, safi, bila hata alama.

Akanitazama juu ya miwani. "Umeona? Hapa mkono unajua kazi yake. Usimwambie wifi yako."

"Nimwambie nini?"

"Hivyo hivyo, mdogo wangu."

Jumapili, Machi 17

Wifi kanipigia simu, jambo asilolifanya. Alikuwa ananong'ona, nadhani alijifungia bafuni maana niliyasikia maji. Wamekwenda kwa daktari. Ni ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili na kuukausha kidogo kidogo. Hauponi. Dawa zinaupunguzia mwendo tu.

"Wifi, wewe anakusikiliza," alisema. "Mwambie aiache ile mashine."

Nikamweleza nilichokiona jana, jinsi mkono ulivyotulia. Nikamwambia, "Ukimnyang'anya na hiyo, umemwachia nini?"

Nilisikia bomba likifungwa. "Haya, wifi," akasema, akakata.

Nimekasirika jioni nzima. Mwanamke amekwisha mzika mumewe, na mtu bado anatembea.

Jumamosi, Machi 23

Bakuli langu limekwisha hatua ya kwanza. Kaka kaliinua kwa mikono miwili akijifanya linamlemea. "Hili si bakuli. Hili ni jiwe la kusagia lililopotea njia." Tulicheka hadi Wifi akachungulia. Nimelitia kwenye mfuko, nikalifunika kwa maranda yake lenyewe.

Alhamisi, Machi 28

Mteja mmoja amerudisha meno. Anasema yanatafuna vizuri ila hayacheki kama yale yake ya zamani. Mvua haijakata tangu juzi.

Jumamosi, Aprili 6

Leo tumeponea chupuchupu. Kaka alikuwa kwenye hatua ya pili ya bakuli lake la mwaka jana, lililokauka vizuri. Alikuwa kainua mkono kubadilisha mkao, patasi ikashuka kabla haijafika kwenye chuma. Ubao ukaikamata. Kishindo kimoja, bakuli likang'oka kwenye mashine likapita kati yetu, likavunja kioo cha dirisha likaangukia kwenye matope nje.

Kaka alianza kucheka, nami nikacheka. Wifi alikuwa amekwenda sokoni.

"Tumwite Kesho," alisema Kaka. Kesho ni fundi wa vioo. Jina lake la kweli hakuna alijuaye. Ukimwuliza utakuja lini, jibu lake ndilo jina lake. Leo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuja muda uleule. Kabla Wifi hajarudi na kapu lake, kioo kipya kilikuwa kimeshakaa.

Wifi alipoingia alinusa. "Mbona pananukia gundi ya vioo?"

"Nimeziba ufa," alisema Kaka, na mimi nikaendelea kusugua msasa kama kiziwi.

Alhamisi, Aprili 11

Mvua. Nimeota lile bakuli. Katika ndoto halikupita kati yetu.

Jumamosi, Aprili 13

Kaka alikuwa amevaa shati la bluu, limefungwa vifungo vizuri hadi shingoni, viatu vinang'aa. Alikuwa mchangamfu. Alinisimulia tena alivyopima ardhi ya bonde zima kwa mguu, mkono wake umetulia hata akiwa amesimama kwenye jabali. Tulikereza hadi saa ya chakula. Nilipomwona alivyosimama pale, maranda yakimfunika mabega, nilimwambia Wifi wakati naondoka, pale getini, kwa sauti ya kumchoma kidogo: "Mbona yuko sawa tu? Labda ni sisi tunaomtia ugonjwa kwa maneno."

Wifi alikuwa ameshika komeo la geti. Mikono yake imepasuka kwa sabuni. Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniudhi:

"Wewe wifi una kaka wa Jumamosi. Namwandaa toka Ijumaa. Wa siku nyingine ni wangu, na huyo hujamwona."

Nikajibu, "Basi siku moja nitakuja Jumatano." Nikafungua mwavuli nikaondoka.

Jumamosi, Aprili 20

Natafuta pa kuanzia.

Asubuhi tulianza mapema. Kaka alikuwa na bakuli jingine la mwaka jana, amelikondesha hadi ukuta wake umekuwa mwembamba, mwanga wa taa unakaribia kupenya. Alisema hili litakuwa jembamba kuliko yote aliyowahi kufanya. Mimi nilikuwa upande wa dirisha nasugua bakuli dogo kwa msasa. Kuna ufa mdogo niliuona karibu na kitako cha bakuli la Kaka, mwembamba kama unywele, nikamwonyesha. Akasema, "Huo ni mshipa wa mti." Labda alikuwa haoni vizuri. Labda aliona.

Haya yaliyofuata nimeyajua baadaye, jirani aliyewasikia alivyonieleza. Kesho alipita mlangoni kwa Wifi, akiwa njiani kwenda kwa mtu mwingine, akamsalimu, akauliza kwa uungwana tu: "Kile kioo cha kibandani kimekaa vizuri? Maana lile bakuli lingempata mtu, mama, tungekuwa tunaongea mengine." Wifi alimshukuru. Akaweka chini kisu alichokuwa anamenyea viazi, akaja.

Nilimwona akiingia. Mashine ilikuwa inanguruma, mvua inapiga mabati. Midomo yake ilikuwa inacheza, sauti haifiki. Alikuwa analia na kuongea kwa wakati mmoja. Aliashiria dirisha, akaniashiria mimi. Kaka alikuwa ameinamia kazi, kichwa hakukiinua. Nilidhani hajamwona. Niliweka msasa chini niende kwenye swichi, na Wifi akapiga hatua mbele, akasimama usawa wa ile mashine, mahali ambapo Kaka mwenyewe alinifundisha siku ya kwanza kwamba mtu hasimami.

Sauti ilikuwa ndogo. Mlio mkavu kama kijiti kinavunjwa. Bakuli lilipasuka vipande viwili, kimoja kikaenda darini na kingine kikampata Wifi mdomoni.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, kwenye maranda, kama mtu aliyechoka. Kisha damu ikaja.

Mashine ilikuwa bado inazunguka, haina kitu. Kaka alisimama ameshika patasi, na mkono ulikuwa unatetemeka hadi patasi inagonga kile chuma, ti-ti-ti-ti. Nilizima mimi. Nilimwita, hakusikia. Nilivua mtandio wangu nikamfunga Wifi kidevu, halafu nikapiga magoti nikaanza kuokota meno yake kwenye maranda. Sijui kwa nini nilifanya hivyo kwanza. Nimeshika meno maisha yangu yote. Sikuwahi kushika ya mtu ninayemjua, yakiwa na joto.

Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Kaka alikaa mbele. Njia nzima alitazama vipangusa-kioo vikienda na kurudi.

Jumapili, Aprili 21

Taya limevunjika. Wamelifunga kwa nyaya, juu na chini pamoja, wiki sita. Meno ya mbele yamekwenda, hakuna la kurudisha. Nilikuwa nimeyaleta kwenye kikombe cha maziwa yasife, daktari akayatazama akanirudishia kikombe.

Kaka alikaa kando ya kitanda mchana kutwa, kofia mapajani. Hakusema hata pole. Wifi alikuwa anamtazama, uso umevimba umekuwa wa mtu mwingine, macho ni yaleyale. Alikuwa anasubiri. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta maji ya kunywa, nikiwapa nafasi. Niliporudi walikuwa vilevile.

Jumatano, Aprili 24

Wifi ameruhusiwa kurudi nyumbani, nami nimehamia kwao. Kazini nimeomba ruhusa. Jumatano niliyoiahidi imefika.

Ijumaa, Aprili 26

Sijui niandike nini na niache nini.

Kumvalisha shati Kaka kunachukua muda wa kuchemsha chungu kizima. Vidole havishiki kifungo. Ukimsaidia anakupiga kofi la mkono. Usipomsaidia anatupa shati. Chai ikijaa kikombe inamwagikia na kumwunguza, ndiyo maana kilikuwa nusu. Leo kidogo tu nizirai kwa aibu nilipolikumbuka jicho nililomkata Wifi siku ile.

Asubuhi alikuwa amelowesha kitanda. Nilipoanza kutoa shuka alisema, "Toka." Kaka aliyenibeba mgongoni kuvuka maji nikiwa mdogo. "Toka, nimesema!" Nilitoka, nikasimama koridoni na shuka kavu mkononi, na nikamwona Wifi amejiinua kitandani chumba cha pili, ananitazama. Alinyanyua mkono akanionyesha kabati: mpira wa kutandika chini ya shuka uko pale, droo ya chini. Umekunjwa vizuri. Umeshatumika sana.

Alhamisi, Mei 2

Leo Kaka aliganda mlangoni. Miguu iligoma tu, kama imegongomewa misumari sakafuni. Mwili unataka kwenda, miguu haitaki. Nilimvuta mkono, akayumba, tukakaribia kuanguka wote. "Niache! Niache!" Jasho linamtoka.

Kutoka kitandani kwake Wifi akaanza kupiga ubao wa kitanda kwa kiganja. Pa. Pa. Pa. Pa. Kaka akainua kichwa kama askari aliyesikia ngoma. Mguu mmoja ukatoka, wa pili ukafuata, akatembea kwa ule mdundo hadi kwenye kiti chake. Wifi akaacha kupiga. Hakuna aliyemshukuru mwenzake. Ni wazi wamelifanya hili mara nyingi, na ni wazi sikutakiwa kulijua.

Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo hatukuvihitaji.

Jumapili, Mei 5

Mvua. Wifi anakunywa uji kwa mrija. Anakonda.

Jumatatu, Mei 13

Nilimpeleka Kaka kwa daktari wake. Daktari alikuwa mpole, akasema nimsikilize Kaka anavyoongea: sauti imeanza kushuka. Itaendelea kushuka. Kuna mazoezi, atajaribu, lakini tusisubiri sana kuongea naye mambo ya maana. Kaka alikuwa palepale, tunamzungumzia kama kabati.

Njiani nilimwambia: "Kaka, Wifi anasubiri neno lako."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Alitembea hatua fupifupi, akiburuza miguu, kama mtu anayesukumwa kwa nyuma. Halafu akasema, "Hulijui wewe." Nikafikiri ni kiburi. Nilimchukia Kaka yangu leo, kwa urefu wa mtaa mmoja, na niliogopa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Jumamosi, Mei 18

Jumamosi ya nne bila mashine. Kaka hakwenda kibandani hata kutazama. Aliketi ametazama ukuta mpya aliojenga jirani. Mimi nilikwenda kufagia. Damu imekauka kwenye maranda ikawa kahawia, rangi ileile ya moyo wa mti. Nilifagia yote nikayachoma, moshi ukagoma kupanda kwa unyevu, ukazagaa uani siku nzima.

Jumatano, Mei 22

Mvua, kisha jua la saa moja, kisha mvua.

Jumatatu, Juni 3

Nyaya zimetolewa. Mdomo wa Wifi unafunguka kidogo, kama mlango wenye mnyororo. Tulikuwa wawili tu chumbani nilipokuwa nampaka mafuta midomoni. Neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki sita halikuwa la lawama. Ningalipenda liwe la lawama.

"Wifi," alisema, herufi zinateleza kwenye pengo, "hajasema."

"Nilimwambia."

"Usimwambie. La kuambiwa silitaki."

Kisha nikamwambia mimi langu: kwamba kioo tulikificha wote wawili, kwamba nilimdharau. Alinisikiliza akitazama dari. "Wewe ulimpenda kaka yako," akasema. "Ukampenda vibaya. Hata mimi. Nilimpamba kila Ijumaa uone mzima. Ningekuonyesha mgonjwa, ungenisikia."

Hakuna aliyelia. Nilichukua plasta yangu ya kuchukulia umbo la fizi, nikampima mdomo.

Jumanne, Juni 11

Nimeyatengeneza meno ya Wifi kwa siku saba, kazi ya siku mbili. Nilikuwa na picha yao ya harusi mbele yangu. Jino moja lake la mbele lilikuwa limempanda mwenzake kidogo, nililipandisha vilevile. Bosi alisema, "Si ungelinyoosha tu?" Nikamwambia mwenyewe hajaomba kunyooshwa.

Leo nilimvisha. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema "sabuni", "sufuria", "sasa hivi", kujaribu. Kaka alikuwa mlangoni. Aliona. Uso wake siku hizi haucheki wala haukasiriki, ugonjwa umeufunga. Lakini alitazama lile jino lililopanda, akageuka, na miguu ikamganda palepale. Wifi akapiga kiganja mezani. Pa. Pa. Pa. Hadi akafika uani.

Ijumaa, Juni 14

Hakuna mvua. Mabati yanalia kwa joto.

Jumamosi, Juni 15

Wifi aliniambia asubuhi, wakati tunatandika: "Bakuli lako liko kwenye mfuko bado. Nenda kalimalize."

Nilimwambia siwezi kuiwasha tena ile mashine.

"Nyumbani kwangu pikipiki ikipita natetemeka kumshinda mgonjwa," alisema. "Sitaki kuishi hivyo. Iwashe. Mimi nitakaa hapa jikoni, nimefunga mlango, niisikie hadi inichoshe."

Basi nilikwenda. Bakuli nililitoa kwenye maranda yake. Limejipinda, mdomo umekuwa wa yai, na limekuwa jepesi kwa namna ya kuhuzunisha, maji yote yamekwenda. Nililikagua mara nyingi kwa kidole na kwa taa. Halina ufa. Nililifunga, nikasimama pembeni, nikawasha.

Ubao uliopinda ukizunguka hauonekani kingo zake. Unaona kivuli tu, mzimu wa bakuli, na patasi inagusa hewa, inagusa ubao, inagusa hewa. Tak-tak-tak. Lazima usubiri. Ukisukuma linakukamata. Nilikuwa nakandamiza, kwa woga. Nikasikia nyuma yangu sauti ndogo, ya mtu anayeongea ndani ya shuka:

"Legeza. Acha lenyewe lije."

Kaka alikuwa ameshika fremu ya mlango. Sijui alifikaje. Nikalegeza. Polepole ile tak-tak ikafupika, ikawa mvumo mmoja, na bakuli likawa duara. Nilikondesha ukuta wake, si sana. Nilifanya kitako, nikapitisha msasa. Nilipozima, ndipo tukamwona Wifi. Alikuwa ameufungua mlango wa jikoni, akavuka ua, akasimama hatua chache kutoka kwa mumewe, mikono ameikunja kifuani kujizuia.

Kaka alimtazama. Alianza kuongea, ikabidi tusogee.

"Nilikuona," alisema.

Wifi alitega sikio.

"Siku ile. Nilikuona ukiingia. Nilijua umekuja kunizima. Nikasema moyoni, mwache asubiri. Mwache asimame hapo hadi nimalize. Ufa nao niliuona." Alivuta pumzi, kifua kilikuwa kinamgomea. "Mkono haukutetemeka, mke wangu. Daktari nilimwambia mkono. Watu wote nimewaacha waseme ni mkono. Mkono ulikuwa umetulia."

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli, sikujua pa kuliweka.

Niliwahi kudhani pole ilikuwa imemkwama kwa kiburi. Kumbe pole ingekuwa uongo mwingine. Ingefunika, kama kile kioo. Nilimtazama Kaka yangu, mpima ardhi, mtu aliyejua mpaka uko wapi hata kwenye nyasi ndefu, na sikumwona wa Jumamosi wala wa Jumatano. Nilimwona mwanamume mmoja mwenye umri, mwenye hasira, aliyekuwa anaogopa, aliyemwumiza mkewe.

Nilidhani Wifi ataondoka. Kuondoka angeweza, binti yao amempigia simu kila wiki akimwomba aende kwake. Alijipangusa macho kwa kiganja.

"Pole huisemi?"

"Naisema. Naona haitoshi."

"Haitoshi," alisema Wifi. "Kesho utayasema tena haya. Yote. Na keshokutwa. Hadi niyazoee, nijue kama naweza kukaa nayo. Nikishindwa, nitakwambia."

Kaka alitikisa kichwa kukubali. Halafu akataka kurudi ndani, na miguu ikagoma. Wifi alimtazama vile alivyoganda. Nilisubiri kiganja chake. Hatimaye akapiga, kwenye ubao wa mlango, taratibu kuliko kawaida.

Jumapili, Juni 16

Alisema tena, baada ya chai. Yote, na ufa. Wifi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa, lakini vidole vilisimama. "Nimesikia," akasema. Mchana nilimkuta bafuni amekaa kwenye ukingo wa ndoo, taulo mdomoni, analia kwa nguvu ya wiki zote zile. Meno alikuwa ameyavua ameyaweka juu ya sinki. Nilikaa naye sakafuni.

Jumatatu, Juni 17

Alisema tena. Sauti ni ndogo kuliko jana, au ni mimi naogopa.

Binti yao alipiga simu. Wifi alimwambia, "Bado niko. Nitakujulisha."

Jumanne, Juni 18

Mvua imekwisha. Nimefunga begi, kesho narudi kazini, ila nimewaambia nitakuwa nakuja Jumatano na Ijumaa vilevile nikitoka kazini, kufua na kumwogesha, Wifi apate siku za kutoka. Hakukataa.

Asubuhi tulikuwa mezani. Wifi alikuwa jikoni, mlango wazi, ametugeuzia mgongo, anachuja chai. Kaka alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

"Sijasikia," alisema Wifi, bila kugeuka.

Kaka alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akameza mate, akarudia.